Kabla ya kudai maji na madarasa, hesabu watu wa mtaa wako

Ukisimama kwenye mkutano wa mtaa ukasema "siku hizi tumejaa", utaitikiwa kwa kichwa na ajenda itasonga. Ukija na hesabu, utasikilizwa. Nilikuwa karani wa sensa mwaka 2022 hapa Tanga, na natamani kila mtaa wa Ngamiani na Makorora uwe na hesabu yake.

Sensa ya 2012 ilikuta Jiji la Tanga lina watu 273,332. Ya 2022 ikakuta 393,429. Hilo ni jiji zima, Pongwe na Chongoleani humo humo. Ya mtaani kwenu mtaifanya wenyewe.

Usihesabu nyumba, hesabu kaya, yaani watu wanaoishi na kula pamoja. Nyumba zetu hizi za vyumba sita na korido katikati zinadanganya. Ukiwa barazani unaona nyumba ile ile ya zamani, bati lile lile. Ingia uani: kila mpangaji na jiko lake la mkaa, ndoo za maji zimeandikwa majina kwa rangi, na banda la uani limegawanywa kwa pazia. Upande huu mama na kichanga chake, upande wa pili vijana wawili wa bodaboda. Mwenye nyumba atakwambia ana wapangaji sita, akimaanisha vyumba sita.

Kwa hiyo uliza maswali mawili: nani anakula na nani, na jana usiku nani amelala hapa? Hilo la pili ndilo linalomfichua kichanga, na mpwa aliyekuja kutembea kutoka Handeni akahamia moja kwa moja. Nenda na mjumbe, baada ya Alasiri, piga hodi na ueleze nia yako. Majina usiandike. Watu wakiona majina yanaandikwa, wanaficha.

Kisha gawa kwa umri: chini ya miaka 5, miaka 5 hadi 14, 15 hadi 64, na 65 kwenda juu. Hapa ndipo penye uzito wote. Mtaa ulioongeza watoto wachanga unahitaji kliniki leo na madarasa miaka michache ijayo. Ulioongeza vijana wapangaji unahitaji vyoo na maji sasa hivi. Jumla peke yake haitakuonyesha hilo.

Idadi ya watoto wa darasa la kwanza, kama kipimo cha ongezeko la watu, itumie kwa uangalifu. Elimu bila ada ilipoanza 2016 watoto walifurika shuleni, na wengi wao walikuwepo mtaani siku zote.

Rudia mwakani kwa njia ile ile. Epuka siku za Idi na likizo za shule, maana watu husafiri. Nakala moja mpe mwenyekiti, nyingine mtendaji, na ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa.