Jinsi ya Kutengeneza Mchezo wa Ubao Unaobadilika: Ngalawa, Mafungu na Kete

Kazi yangu ni useremala, Ngamiani, Tanga. Vitanda na milango ndivyo vinavyonilisha. Bao na drafti natengeneza kwa kupenda. Vijana wanaokuja kutaka niwachongee mchezo walioubuni wenyewe huwa na wazo moja: ubao ugeuke watu wakiwa katikati ya kucheza. Njia ifunguke, njia izibe, nchi izame. Wazo zuri, na mbao si tatizo. Tatizo ni bei. Mchezaji akiweza kugeuza uwanja bure, atageuza kila zamu, mwenzake atarudisha, na mtakaa hapo mpaka adhana ya magharibi. Ndiyo maana kabla sijashika msumeno nauliza kwanza: anayegeuza analipa nini?

Nitakuonyesha namna ya kuujenga mchezo kuzunguka swali hilo, kwa kutumia mchezo wangu uitwao Bamvua, jina la yale maji makuu ya bahari. Ni wa watu wawili, hauna dadu, na uwanja wake ni maji na mchanga.

Chagua namna ya kubadilika

Ziko namna kadhaa, na kila moja ina dawa yake ya ule ugonjwa wa kurudishana nyuma.

Ubao unaweza kuliwa. Mwaka 1988 Walter Zamkauskas wa Argentina alibuni Amazons, unaochezwa kwenye ubao wa 10 kwa 10. Unasogeza malkia, kisha anarusha mshale, na mraba unapotua mshale umekufa, haukanyagiki tena. Hapo hakuna kurudisha chochote. Uwanja unapungua kila zamu, asiye na pa kwenda ameshindwa, na kila mraba unaouua kumzuia mwenzako ni mraba ambao na wewe umeukosa.

Ubao unaweza kujengwa, kama Carcassonne ya Klaus-Jürgen Wrede wa mwaka 2000: unachukua kigae, unakiunga na vilivyopo mezani, na kikishakaa kimekaa. Au unaweza kusukumwa. Labyrinth ya Max Kobbert, ya mwaka 1986, ina vigae 7 kwa 7. Unaingiza kimoja pembeni, mstari mzima unasogea, kingine kinatoka upande wa pili. Ina kasheria kadogo ambako ndiko kanakoubeba mchezo wote: huruhusiwi kukirudisha kigae pale pale kilipotokea sasa hivi. Ukikaondoa, watu wawili wakaidi wanaweza kusukumiana kigae kimoja hadi kesho.

Catan ya Klaus Teuber, ya mwaka 1995, wengi huitaja hapa. Mimi siihesabu. Vigae vyake 19 unaweza kuvichanganya kabla ya kuanza, lakini mkishaanza nchi haisogei. Hata hivyo kuchanganya mwanzoni ni jambo la kuiga, nami nimeliiga.

Ila mzee wa bao ukimwambia uwanja unaobadilika ni jambo jipya, atakucheka. Mashimo 32 hayaendi popote, lakini kete 64 zikihama uwanja ni mwingine kila zamu. Na bao lina kikomo nilichokiiba bila haya: kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, anaingiza moja kila zamu, na zikiisha wakati wa kunamua umeisha, mmeingia mtaji, yaani kucheza kwa kete zilizo ubaoni tu. Mkono wenyewe ni saa. Yeyote anayetazama anajua mchezo umefika wapi.

Sheria za Bamvua

Ubao una vigae 49, 7 kwa 7. Kila kigae upande mmoja ni maji, upande wa pili ni mchanga. Mnaanza vyote vikiwa maji. Kila mchezaji ana ngalawa 5 kwenye mstari wake wa nyuma, kona mbili zikiwa wazi, pamoja na kete 8 mkononi.

Kabla ya mwendo wa kwanza, kila mmoja anageuza vigae 3 kuwa mchanga, mkipokezana, popote kwenye mistari mitatu ya katikati. Hayo ndiyo mafungu ya leo, yaani mchanga ulioinuka baharini. Kesho yatakuwa kwingine.

Zamu yako ikifika unafanya moja kati ya mawili, hufanyi yote. Ama unasogeza ngalawa hatua moja, mbele au mshazari mbele, kwenye kigae cha maji kisicho na kitu. Ama unageuza kigae kimoja kitupu kinachopakana na ngalawa yako, na unalipa kete moja. Kete hiyo unaiweka juu ya kigae chenyewe. Ikiwa pale, mwenzako hawezi kukigeuza wala kukiingia. Zamu yako ikirudi unaiondoa, unaitupa nje ya mchezo, kisha unacheza.

Zingatia hiyo kete inafanya kazi ngapi. Ni malipo, maana zikiisha huna tena la kusema juu ya uwanja. Ni kufuli, maana mwenzako hawezi kukurudisha nyuma papo hapo. Na ukifungua mkondo kwenye fungu, wewe ndiye wa kwanza kupita. Unapounda mchezo wako, tafuta kitu kimoja kinachobeba kazi tatu namna hiyo, uachane na sheria tatu zenye kazi moja moja.

Ngalawa iliyofika mstari wa nyuma wa mwenzako imetia nanga, inatolewa. Wa kwanza kutia nanga ngalawa 3 ameshinda. Hakuna kulana. Asiye na la kufanya anapitwa zamu. Mkikwama wote, anashinda aliyetia nanga nyingi zaidi, zikilingana ni mwenye kete nyingi mkononi, nazo zikilingana ni suluhu.

Sheria ya mwisho: mstari mmoja wa kulala usizidi vigae 4 vya mchanga. Mchezo wa Quoridor, ambao watu huweka kuta, una sheria ya kwamba usimfungie mwenzako njia zote. Ni sheria ya haki, lakini kuithibitisha inabidi mfuatilie njia kwa kidole, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Kuhesabu mpaka nne hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza.

Hakikisha mchezo una mwisho

Hili lifanye kwa kalamu. Ngalawa haina kurudi nyuma, na kutoka mstari wa kwanza hadi wa saba ni hatua 6. Ngalawa 5 mara hatua 6 ni 30, ongeza kete 8, ni miendo 38 kwa kila mtu ikizidi sana. Mchezo huu hauwezi kukesha. Ukishindwa kuipiga hesabu kama hiyo kwenye mchezo wako, ujue kuna mlango watu watazungukia humo bila kutoka. Mara nyingi mlango huo ni mwendo wa kurudi nyuma au badiliko lisilolipiwa.

Kuna watakaokushauri maji yajae na kupwa kwa dadu, kwa kuwa bahari ndivyo ilivyo. Bahari haiko hivyo hata kidogo. Bamvua inajulikana, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kila mvuvi anajua saa ya kutoka. Zaidi ya hapo, mtu aliyepanga miendo mitano mbele akiporwa na dadu atanyanyuka aende kwenye ludo, na ana haki.

Boksi kwanza, mbao baadaye

Usikimbilie plaiwudi. Kata boksi la mafuta ya kupikia vipande 49, paka rangi upande mmoja, tumia vizibo vya soda kwa ngalawa: vyako kifudifudi, vya mwenzako chali, kama kwenye drafti ya kijiweni. Kete za komwe zipo, ukikosa tumia mahindi. Kisha watafute watu wawili, wape sheria zilizoandikwa, na wewe ufunge mdomo. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko kupasua mbao.

Wakati wa kujaribu mimi hutazama kete kuliko ngalawa. Wakimaliza mchezo na kete zote mkononi, kugeuza ni ghali mno, au hakuna faida. Kete zikiisha ngalawa zikiwa bado hazijafika katikati, kugeuza ni rahisi mno, punguza kete. Anayeanza akiwa anashinda kila mara, mwongezee wa pili kete ya tisa. Usiguse mambo mawili kwa pamoja, hutajua lipi lililoponya.

Dalili njema ni watu kuanza kuzozana juu ya kigae ambacho hakina mtu. Barazani kwetu binti mmoja wa sekondari alikuwa anacheza na babu yake. Ngalawa ya babu ilikuwa imebanwa na fungu, binti keshaanza kucheka.

"Babu, hapo hupiti."

Mzee akageuza kigae cha mbele yake kikawa maji, akakiwekea kete. Binti akanyoosha mkono akirudishe mchanga.

"Mjukuu wangu, kete yangu umeiona?"

Akaurudisha mkono. Ilibidi acheze kwingine, huku anajua kabisa zamu ijayo babu anapita. Pale ndipo nilipoamini kufuli linafanya kazi: adhabu ilionekana kabla haijafika, na binti alikuwa na mwendo mzima wa kuitafutia jibu.

Kuchonga

Chukua plaiwudi ya milimita 9. Paka rangi pande zote mbili kabla ya kukata, buluu huku na rangi ya mchanga kule. Ukipaka baadaye rangi inamwagikia pembeni na vigae vinagandana. Upande wa maji chora na mstari wa wimbi, maana usiku barazani, kwa taa hafifu, rangi zinafanana. Pasua mikanda ya upana wa sentimita 4, kisha katakata kila mkanda kwa kuuegemeza kwenye kizuizi kimoja ili vipande vyote viwe sawa. Kigae kikizidi milimita moja tu, mstari mzima utabana.

Sasa kigae kilichozungukwa pande zote utakishikaje ili ukigeuze? Kata kila kona kwa mshazari, kama milimita 6. Kona nne zikikutana zinaacha kijidirisha cha kupitisha ukucha, unakiinua. Fremu nayo iwe fupi kuliko vigae, kimo cha milimita 6 kutoka kitako, ili vigae vichomoze kidogo.

Vigae 7 vya sentimita 4 ni 28. Ndani ya fremu acha 28.6. Hizo milimita 6 usizionee uchoyo. Masika yakija mbao inavimba, na fremu iliyobana Januari haitafunguka Aprili. Fremu yangu natumia vipande vya mtiki wa Longuza, shamba la miti la huku kwetu Tanga, vinavyobaki kwenye kazi ya milango. Mninga pia unafaa. Piga msasa, kisha varnishi kwenye fremu tu. Vigae usivipake varnishi, vitateleza chini ya vizibo.

Sheria ziandike ziishie ukurasa mmoja, uzibandike chini ya kitako. Zikizidi ukurasa, rudi kwenye boksi utafute ya kutoa. Kete tengeneza 20: 16 za kuchezea, moja ya tisa ya yule wa pili, na tatu za akiba, kwa sababu watoto watazipoteza.