Kabla ya kwenda kuzibuliwa mshipa wa mguu

Siku ya kuzibuliwa mshipa, shangazi alimwamkia baba mkubwa na kikombe cha chai ya maziwa na maandazi mawili. Mgonjwa haendi hospitali na njaa, alisema. Saa tatu asubuhi muuguzi akauliza, "Mzee umekula nini leo?" Mzee, ambaye hajui kusema uongo, akajibu. Tukapewa tarehe nyingine, wiki mbili mbele, na sisi tulikuwa tumetoka Tanga kwa ajili hiyo tu.

Kosa lilikuwa letu. Tuliambiwa "asile kuanzia saa sita" na kila mtu akaelewa lake. Wengi huagizwa waache chakula muda wa saa 6 kabla ya shughuli, na maji matupu muda wa saa 2 kabla, lakini kila hospitali ina utaratibu wake. Kwa hiyo uliza mpaka uambiwe saa yenyewe: saa sita usiku, au muda wa saa sita? Andika kwenye karatasi, bandika jikoni, palepale mpika chai atakapoiona.

Matibabu yenyewe ni ya tundu dogo. Daktari anachoma sindano kwenye ateri, yaani mshipa unaotoa damu kwenye moyo, mara nyingi kinenani, anapitisha waya mwembamba huku akiufuata kwenye skrini ya eksirei, kisha anaingiza mrija wenye puto. Puto likijazwa mahali palipoziba, damu inapata njia. Pengine anaacha hapo stenti, yaani kijibomba cha waya, ili mshipa usijifunge tena. Mgonjwa yuko macho, amepigwa ganzi ya pale pale tu. Wa kwanza kutibiwa kwa kupitisha mirija namna hii alikuwa bibi wa miaka 82 huko Portland, Marekani, Januari 1964. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuoza na alikataa katakata kukatwa mguu. Daktari Charles Dotter alimtanulia mshipa kwa mirija mitupu, kwani puto lilikuja miaka ya sabini na Andreas Grüntzig kule Zürich. Bibi yule akaendelea kutembea kwa miguu yake. Kwetu hapa, hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikifundisha madaktari wa radiolojia tiba, yaani matibabu ya tundu dogo kwa kufuata picha, tangu 2018, kwa hiyo ukiambiwa kidole kimekuwa cheusi na dawa yake ni msumeno, una haki ya kuuliza kwanza kama mishipa imepimwa.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni dawa. Usiende kusimulia "kidonge cheupe cha presha". Kusanya kila kitu kwenye mfuko, na maboksi yake, ukamwage mezani kwa daktari. Dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini huenda zikasimamishwa siku kadhaa kabla, ilhali aspirini mara nyingi huachwa iendelee. Usijiamulie mwenyewe, maana kuacha ovyo kunaweza kuziba mshipa, na kuendelea ovyo kunaweza kuleta damu isiyokatika. Anayechoma insulini aulize dozi ya asubuhi ile ambayo hatakula. Anayemeza metformini, kidonge cha kisukari, aulize pia, hasa kama figo zake ni dhaifu, kwani huenda akaambiwa aiache siku hiyo na siku mbili baada yake. Na zile dawa za chupa zisizo na jina, na kitunguu saumu kinachotafunwa kila alfajiri? Navyo vitaje. Baba mkubwa alivificha kwa aibu, vikaja kutajwa na mkewe mlangoni.

Figo zinaulizwa sana kwa sababu ya ile dawa inayoingizwa ili mishipa ionekane kwenye picha. Hutoka mwilini kupitia figo, na zilizochoka zinaweza kuelemewa. Hivyo kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kiwe cha karibuni, si cha mwaka jana. Kama uliwahi kuvimba au kuwashwa baada ya kupigwa picha ya dawa, sema mapema. Sema pia kama huwezi kulala chali kwa kikohozi au pumzi kukata, maana utalala hivyo mezani, kisha saa kadhaa tena wodini bila kukunja mguu.

Upande wa fedha, bei unayotajiwa dirishani huenda ni ya chumba na daktari tu, puto na stenti vikahesabiwa pembeni. Mwenye bima afuate kibali kabla ya safari. Muulize daktari waya ukikataa kupita atafanya nini: ataishia hapo, au utapelekwa kwa upasuaji wa kuunganisha mshipa? Usisaini fomu ya ridhaa kabla ya kupata jibu hilo.

Wakati mnasubiri tarehe, sigara iachwe. Najua ni rahisi kusema. Mguu usikandwe kwa maji ya moto hata ukiwa baridi kama barafu, kwa sababu mwenye kisukari anaweza kuungua bila kuhisi. Kidonda kiendelee kusafishwa. Na kuna hali isiyosubiri tarehe yoyote: mguu ukibadilika ghafla ukawa baridi, mweupe, unauma sana au umekufa ganzi, ondokeni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mguu uliokosa damu kabisa unaanza kupotea ndani ya saa chache.

Tafuteni pia mahali pa kulala mjini. Sisi safari ya pili tulikaa siku tatu kwa binamu Mbagala. Mgonjwa asipande basi la masafa siku ileile, wala asiendeshe gari. Anayemsindikiza ajue kwamba pale palipochomwa pakitoa damu au pakianza kuvimba, analazwa chali, panakandamizwa kwa nguvu kwa mkono, na anarudishwa hospitali. Dawa za kuzuia kuganda atakazopewa baadaye ni za miezi, kwa hiyo ulizeni mapema kama zinapatikana huko mnakorudi. Tanga tulizipata duka la tatu.