Sungura wa kikundi: jinsi ya kuwakagua, na pa kuanzia ukiona mambo hayako sawa

Kama kikundi chenu kina banda la sungura shambani na mnawahudumia kwa zamu, naomba usome hii yote, maana sungura si kama mbuzi, mbuzi akiwa na njaa mtaa mzima utajua, sungura anakaa kimya tu. Porini kila mnyama anamtaka yeye, kwahiyo kaumbwa kuficha maumivu, ukija kuona waziwazi kuwa anaumwa ujue ni siku nyingi.

Majuzi kwenye shamba letu nilikuta jike kajikunyata kwenye kona, majani ya jana hajayagusa, chupa yake ya maji imejaa pomoni. Nikafungua daftari la zamu, siku mbili mfululizo watu wameandika "maji yapo" na zamu moja kati ya hizo ilikuwa yangu. Na kweli maji yalikuwepo, ila kale kagololi ka kwenye mrija kamekwama, hata tone halitoki. Nilipomwekea bakuli alikunywa muda mrefu bila kuinua kichwa, kiukweli roho iliniuma sana.

Kwahiyo jambo la kwanza, usikague chupa kwa macho. Gusa gololi kwa kidole uone maji yanatoka, na chupa ambayo haipungui ndo ya kuogopa kuliko iliyo tupu. Sungura akikosa maji anaacha kula, na jike anayenyonyesha anaweza kufika lita moja kwa siku.

Upande wa chakula, shida ya mashamba ya pamoja ni kwamba kila mtu anakuja na mabaki yake ya jikoni, huyu kabichi, yule ugali, mwingine maganda. Wengi wanafanya kwa upendo kabisa ila tumbo la sungura linataka nyasi, nyasi nyingi, kavu zikipatikana ndo vizuri zaidi, maana meno yake hayaachi kukua maisha yote na nyasi ndo zinayasaga. Matembele na kishona nguo anapenda sana na havina shida, ila majani yaliyolowa mvua au umande yatandaze kwanza yanyauke. Majani ya parachichi, ya nyanya na ya viazi mviringo yasiingie kabisa bandani, ni sumu. Alafu ukikuta sungura hajala tangu jana na chini hakuna kinyesi kipya, hiyo si ya kusubiri kikao, tafuta daktari wa mifugo siku hiyohiyo, tumbo likisimama anakufa haraka.

Mara moja kwa wiki mshikeni kila mmoja, mmojammoja. Asibebwe kwa masikio jamani, hata kama ndivyo tulivyokua tukiona. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine ushike makalio, umbane kifuani kwako, maana akirusha teke hewani anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Ukishamtuliza angalia ndani ya masikio, ukiona kitu kama ukoko wa sufuria hao ni utitiri, usiubandue kwa kucha, dawa ipo. Geuza nyayo za nyuma, waya wa sakafu unachubua mpaka kidonda, mwekee hata kipande cha ubao apumzishie miguu. Angalia chini ya mkia kama kuna uchafu, nzi wanataga hapohapo na funza wanamla akiwa hai. Halafu miguu ya mbele kwa ndani, hapa wengi hawapajui, sungura mwenye mafua anajifuta pua kwa mikono kwahiyo pua unaweza kuikuta safi lakini manyoya ya pale yameshikana.

Kabla hujaondoka chuchumaa mpaka pua yako iwe usawa wa kizimba cha chini. Kama mkojo unakuchoma macho kwa dakika moja, yeye yumo humo usiku kucha.

Dume akae peke yake. Jike anaweza kushika mimba siku ileile aliyozaa, na mimba ni siku kama 31 tu, mkimwacha na dume anakwisha mwili huku nyie mnafurahi idadi inaongezeka. Na mkiona mama hakai na watoto msiseme kawatupa, ananyonyesha mara moja au mbili kwa siku dakika chache basi, asubuhi angalieni matumbo ya watoto kama ni ya duara.

Sasa ukiona tatizo unasemaje? Usirushe picha kwenye status kabla hujaongea na mtu, ukimwaibisha mwenye zamu kesho atakuficha hata sungura aliyekufa. Mwite pembeni, dada au kaka njoo uone hii, mwoneshe kwa mkono. Isiporekebishwa mpelekee mwenyekiti, andika tarehe, kizimba kipi, umeona nini, na sema kinachohitajika, mfano mirija mipya mitatu, siyo "tuwajali wanyama". Wakikaa kimya, afisa mifugo wa kata ndo kazi yake, na hapa Tanzania Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ipo, kumnyima mnyama chakula na maji si jambo la ndani ya kikundi tu.

Na sikukuu zipangieni mapema. Sisi sasa hivi zamu ya Krismasi wanashika Waislamu, Idi wanashika Wakristo, na ufunguo wa pili wa banda unakaa kwa mama wa nyumba ya jirani.