Maji ya Mei Hayakomazi Mahindi ya Oktoba

Wakulima wa tambarare za Kahe na Mabogini, chini ya Kilimanjaro, kosa ni lile lile kila mwaka. Masika yanaisha mfereji umejaa hadi ukingoni, mtu anakodi ekari tatu za ziada, ananunua mbegu na mbolea, halafu Oktoba mahindi yanatoa mbelewele (maua ya kileleni) kwenye udongo uliopasuka. Fedha imekwenda. Maji yalipimwa kwa macho, tena katika mwezi usiofaa.

Theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, isiwatie moyo, mchango wake mtoni ni mdogo sana. Maji mengi ni mvua ya ukanda wa msitu, ulio takriban kati ya mita 1,800 na 2,800 juu ya usawa wa bahari. Hiyo huzama kwenye miamba ya volkano na kuibukia chini kama chemchemi, zile za Njoro zikiwemo. Kuanzia Machi hadi Mei mto hubeba maji ya chemchemi pamoja na yanayotiririka juu ya ardhi. Haya ya pili hukauka mapema baada ya masika. Kuanzia hapo mnakula akiba ya mlima, na akiba hiyo hupungua siku hadi siku mpaka vuli ianze.

Kwa hiyo mfereji hupimwa mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Oktoba, na kipimo hicho ndicho cha kupangia ekari za mwaka unaofuata. Chagua sehemu iliyonyooka, isiyo na majani wala mawe, na chomeka vijiti viwili kwa umbali wa mita 10. Pima upana wa maji. Pima kina sehemu tatu, kushoto, katikati na kulia, kisha tafuta wastani. Anayepima katikati peke yake anajiongezea maji yasiyokuwepo. Tupa chungwa majini hatua chache kabla ya kijiti cha kwanza, upande maji yanakotoka, na hesabu sekunde mpaka lifike cha pili. Rudia mara 5. Gawa 10 kwa wastani wa sekunde, kisha zidisha kwa 0.8, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Hiyo 0.8 ndiyo wengi wanairuka!

Mfano: upana mita 0.6, kina mita 0.2, chungwa sekunde 25. Mwendo ni 0.4 × 0.8 = mita 0.32 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.6 na kwa 0.2, unapata mita za ujazo 0.038, yaani lita 38 kwa sekunde. Mfereji huo huo mwezi Mei, kina kikiwa mita 0.5 na chungwa likitumia sekunde 14, unatoa lita 171. Mfereji wa udongo unaweza kupoteza nusu njiani, kwa hiyo shambani zinafika 19 au 85. Kwa zamu za mchana za saa 12, ekari moja ya mahindi wakati wa jua kali inahitaji karibu lita 1 kwa sekunde. Aliyepima Mei anapanga ekari 85, na maji ya Oktoba yanatosha 19.

Pimeni saa 1 asubuhi na tena saa 10 jioni, siku tatu mfululizo, kwa kuwa wenzenu wa juu hufungua mifongo yao, ile mifereji ya asili, kwa saa tofauti. Chukueni kipimo kidogo kuliko vyote. Wastani wa siku tatu haumwagilii shamba siku ya upungufu. Na kama kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani kinataja kiasi kidogo kuliko mlichopima, fuateni kibali.

Kikundi kisicho na kipimo cha mwaka jana kihesabu ekari zilizopata maji Oktoba iliyopita hadi mwisho wa mfereji, na kisiongeze hata nusu ekari.

Tarehe nayo ina uzito. Mbegu ya siku 60 hadi 65 mpaka mbelewele ikipandwa katikati ya Juni itachanua katikati ya Agosti, akiba ikiwa bado ipo. Ukipanda Agosti unachanulia kwenye upungufu wenyewe; mwezi huo panda choroko kwenye eneo dogo au acha shamba lipumzike.

Mkipatia, zamu ya mwisho ya Oktoba inafika mwisho wa mfereji kabla jua halijazama.