Kupima na Kurudisha Rangi ya Nori Iliyofifia

Nori, mwani mwekundu unaoliwa, inayolimwa kwenye nyavu za Bahari ya Ariake, kusini-magharibi mwa Japani, mara nyingi haipauki kwa ugonjwa bali kwa njaa. Diatomu, yaani mimea midogo mno ya majini, zinapozaliana kwa wingi majira ya baridi, huimaliza nitrojeni iliyomo majini, na jani lililokosa chakula hulazimika kutumia fikoeritrini, yaani rangi yake nyekundu, ambayo pia ni ghala lake la nitrojeni. Kule Ariake, wasiwasi huanza nitrojeni inaposhuka chini ya maikromoli 7 kwa lita.

Kwanza, pima. Sawazisha kipima rangi, tandaza jani bichi juu ya kigae cheupe, kisha chukua wastani wa sehemu tano. Thamani ya L huanzia 0, ambayo ni nyeusi, hadi 100, ambayo ni nyeupe, na hupanda kadiri jani linavyofifia. Tumia kigae hichohicho siku zote, kwa kuwa jani hili lina unene wa seli moja tu na kilicho chini yake hupenya. Mimi niliwahi kupima asubuhi juu ya meza ya kijivu na jioni juu ya kigae, nikaamini kwamba jani limezidi kupauka.

Pili, litazame kwa hadubini. Seli zilizo tupu au zilizopasuka zimekufa, na hakuna mbolea itakayozirudisha.

Tatu, andaa maji ya bahari yaliyochujwa, yenye nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi. Miligramu 6.6 za salfeti ya amonia kwa lita huleta takriban maikromoli 100 za nitrojeni, lakini kwa kuwa mizani ya kawaida haiwezi kupima kiasi hicho, yeyusha gramu 6.6 katika lita moja ya maji safi, kisha tia mililita moja ya mchanganyiko huo kwa kila lita ya maji ya bahari. Ongeza fosfeti kidogo, tumbukiza jani humo, pitisha hewa, weka mwanga wa wastani, na ubadilishe maji kila siku.

Nne, pima tena kila siku saa ileile, na usimamishe kazi hii thamani ya L isiposhuka kwa siku mbili mfululizo.

Njia hii haifai kwa karatasi zilizokwisha kukaushwa. Wala usipime nori iliyochomwa, kwani moto huiharibu fikoeritrini na kuiacha klorofili, hata jani lililoshiba likaonekana kijani.