Kukatia bima vyombo vya muziki vya nyumbani mjini Lubumbashi

Mtu aliyetumia miaka kadhaa kukusanya ampli (mashine ya kukuza sauti), bafle (spika) mbili kubwa na mashine ya santuri huijua bei ya kila kimoja kwa kichwa, lakini bei hiyo ya kichwani haimsaidii kitu mbele ya kampuni ya bima siku atakapokuta mlango umevunjwa. Kwa hiyo, kabla ya kwenda kwenye ofisi ya bima, kaa nyumbani uandike. Kwa kila chombo, andika jina la mtengenezaji, modeli, namba iliyobandikwa nyuma yake, mwaka ulipokinunua na bei uliyolipa, kisha upige picha mbele na nyuma ili namba hiyo isomeke.

Vyombo vingi vya hapa kwetu huingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mara nyingi mwenye navyo hubaki na karatasi mbili: risiti ya duka na hati ya forodha. Zitunze zote mbili. Ukinunua kwa rafiki, andikeni karatasi ya mauzo na kuitia sahihi, hata kama mnaaminiana kama ndugu. Nakala za karatasi hizi zikae nje ya nyumba, kwenye barua pepe au kwa jamaa, maana mwizi akibeba kompyuta pamoja na ampli, ushahidi wako umekwenda naye.

Hadi sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilipofungua soko, SONAS, kampuni ya serikali, peke yake ndiyo iliyouza bima nchini Kongo. Leo kuna kampuni kadhaa za binafsi, na mamlaka inayozisimamia na kuzipa kibali ni ARCA. Hakikisha kampuni unayoiendea ina kibali hicho, na mtu anayekuuzia bima awe wakala wake wa kweli. Bima unayoitafuta kwa kawaida huitwa « multirisque habitation », yaani bima ya nyumba dhidi ya hatari nyingi, na mkataba huandikwa kwa Kifaransa. Ukiwa mpangaji, usitegemee bima ya mwenye lupango, yaani mwenye kiwanja na nyumba, kwa sababu hiyo hulinda jengo lake na si mali yako.

Usikubali kusoma ukurasa wa bei peke yake. Katika sehemu ya wizi, tafuta neno « effraction », yaani kuingia kwa kuvunja. Mikataba mingi hulipa pale tu palipovunjwa kufuli, mlango au antivoli (nondo) za dirisha. Mgeni akitoka na kifaa mkononi, au mtu akiingia kwa ufunguo, unaweza kukosa malipo. Chombo kilichopotea bila mtu kujua kimepoteaje huwa nje kabisa. Angalia pia kama kampuni inadai zamu (mlinzi) wa usiku au aina fulani ya kufuli, na nyumba inaruhusiwa kukaa tupu kwa siku ngapi unaposafiri. Ukiandika kwamba una zamu, hali zamu alikwisha kuacha kazi, umejifungia mlango mwenyewe.

Kuna mambo mawili ambayo watu wa Lubumbashi hawana budi kuyauliza waziwazi. La kwanza ni uporaji: wanaoukumbuka mwaka 1991 wanajua kwamba maduka na nyumba vinaweza kumalizwa mchana, na hasara ya fujo za umati kwa kawaida haimo ndani ya bima ya wizi mpaka uongezewe kifungu chake. La pili ni umeme. Moto wa SNEL, yaani umeme wa shirika la taifa, ukirudi kwa nguvu baada ya kukatika unaweza kuunguza ampli vibaya, na hasara hiyo ina kifungu chake, « dommages électriques ». Mimi ningelipia hicho kabla ya kingine chochote.

Tena, useme ukweli kuhusu matumizi. Ukikodisha bafle zako kwa harusi au matanga, hata mara moja moja, hiyo imekuwa biashara, na bima ya nyumbani inaweza kuikataa. Vilevile huenda isifuate chombo kilichotolewa nje ya lupango kwenda kwa fundi.

Katika kutaja thamani ndipo wengi hupunguza ili walipe kidogo. Tuseme vyombo vyako vyote vina thamani ya dola 8.000 lakini umetangaza 4.000. Mwizi akichukua ampli ya dola 2.000, kampuni inayofuata kanuni ya uwiano itahesabu kwamba ulikata bima ya nusu, na itakulipa 1.000, kisha iondoe « franchise », yaani kiasi unachobeba mwenyewe. Uliza pia kama inalipa bei ya kununua kipya au inakata uchakavu, na itafanya nini bafle moja ikiibwa ilhali mbili hizo ni jozi. Kwa modeli isiyouzwa tena, omba dukani proforma, yaani karatasi ya bei, ya chombo kinacholingana nayo na uiambatanishe tangu mwanzo.

Wizi ukitokea, usipange chumba wala usitengeneze kufuli kabla ya polisi kuona. Omba nakala ya « procès-verbal », yaani taarifa ya polisi ya maandishi, yenye namba za vyombo, kisha uandikie kampuni mara moja, kwa kuwa muda wa kutoa taarifa ni wa siku chache tu, na uombe muhuri wa mapokezi kwenye nakala yako. Vyombo vikipatikana baada ya kulipwa, ijulishe kampuni kabla ya kuvirudisha sebuleni.