Ukifika Dubai na njaa: namna ya kula kebabu ya ba Iran

Bandugu ba Lubumbashi benye munaenda Dubai kutafuta mali, acheni kula kuku na chipsi kila siku. Kule Deira na Bur Dubai kuko marestora ya ba Iran, moja njo Al Ustad Special Kabab, iko tangu 1978, na mutu mwenye anapenda michopo atapenda na ile nyama, kweli.

Ukiikala tu banaleta mukate mwembamba wa moto, kitunguu kibichi na majani mabichi, rihani na minti. Usingojee nyama, vunja mukate, funga majani ndani, kula. Lakini polepole, usishibe mbele ya nyama!

Kama ni mara ya kwanza omba koobideh. Ni nyama ya kusaga, ya kondoo ao ya ngombe ao yote mbili, banachanganya na kitunguu kisha banaifinya kwenye chuma ya bapa juu isianguke kwa makala. Joojeh ni kuku ya zafarani na ndimu, barg ni steki ya kukata nyembamba. Ukishindwa kuchagua sema soltani, barg moja na koobideh moja kwa sahani moja.

Sasa muchele, hapa njo bantu mingi banakosea. Inakuya na kipande ya siagi juu, changanya mbio mbele muchele ipoe, kisha ponda ile tomati ya kuchoma ndani, mayi yake njo muchuzi, usitafute ingine. Halafu sumac, ile unga nyekundu iko kwa meza: haiko pilipili, iko kali kama ndimu, mwanga mingi kwa nyama na kwa muchele, inakata mafuta muzuri sana. Kisu hauhitaji, koobideh inakatika na kijiko. Na bakikuletea tahdig, ni ukoko wa muchele wa chini ya sufuria, kula haraka maana kwao bantu banaugombania.

Bia ya Simba haiko. Kunywa doogh, ni maziwa ya kuganda na mayi, chumvi na minti, chumvi inashangaza kwanza lakini na nyama ya mafuta inaenda.

Kwa kulipa, mwenye restora anaweza kukuambia "ghabeli nadare", ni kusema si kitu. Hiyo ni heshima yao, banaita taarof, usitoke na makuta yako! Sema "merci", na bao banasemaka vile vile, mupe tena, atapokea.